Dada Yetu Aliyeomba Macho Wazi

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, majirani, wafanyakazi wa kiwanda mliokuja mmejaa basi zima, hadi wengine wenu mmesimama nje juani, na ninyi nyote mlioguswa na msiba huu, familia inawaomba mkae vizuri kidogo, wenye watoto wawapakate, kwa sababu historia ya huyu dada siyo ya kusomwa mbiombio, na aliyeiandika, yaani mdogo wake wa kiume, dereva wa lori ambaye hakukaa sana darasani lakini kwa kuhadithia hajashindwa na mtu tangu aanze kuongea, ameapa kwamba humu ndani hakutia chumvi hata punje moja, na pale mtakapoona chumvi imezidi, basi mjue ni dada mwenyewe aliyezidi.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 4 Machi 1961, alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yetu fundi seremala, akiwa mtoto wa kwanza, na mama alikuwa akisimulia kwamba alipotoka hakulia, alifumbua macho akamtazama mkunga, akamtazama bibi, akamtazama baba aliyekuwa anachungulia mlangoni na randa mkononi, akawazungukia wote mmoja mmoja, taratibu, kama mtu aliyetumwa kuja kuona kama kila mmoja yupo, ndipo akalia, na yule mkunga, ambaye alikuwa ameshazalisha nusu ya mji, akasema, "Huyu hakuja kutembea, huyu kaja kukagua." Mdogo wake hakuwepo siku hiyo, maana ilikuwa bado miaka minane naye azaliwe, lakini habari hii ameisikia mara nyingi kiasi kwamba hata harufu ya maranda ya mbao anaikumbuka.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, ila mwalimu wake alizoea kumkalisha dawati la pembeni, kwa sababu kalamu ikipotea, chaki ikipotea, hata mtoto akipotea, wa kuulizwa alikuwa yeye, na ni katika miaka hiyohiyo ndipo lilipoanza lile jambo lililompa jina ambalo wengi hapa mnalijua kuliko jina lake la ubatizo, jina la Macho Wazi. Kwenye mafundisho ya Jumapili watoto waliambiwa wafumbe macho waombe, wenzake wakafumba, yeye akabaki ameyatoa vilevile, akashitakiwa nyumbani, na mama akamvuta jikoni akamuuliza, "Mwanangu, una nini wewe, mbona unanitia aibu?" Mtoto wa miaka tisa, ndugu zangu, siyo mchungaji, siyo askofu, akajibu, "Mama, Bwana Yesu aliwaomba rafiki zake wakeshe pamoja naye, wao wakafumba macho wakalala, akahuzunika, na mimi sitaki ahuzunike tena." Mama alirudisha mwiko chunguni, na tangu siku hiyo mpaka tunamzika mwaka 2003 hakumwambia tena afumbe.

Baba alipoanguka kutoka kwenye paa la jengo akaumia mgongo, masomo ya marehemu yaliishia hapo, akasaidia nyumbani kwa miaka kadhaa, kisha tarehe 1 Juni 1981 akaajiriwa katika kiwanda cha soda, kitengo cha ukaguzi wa chupa, kazi ambayo mtu akiisikia anaidharau, lakini wafanyakazi wenzake waliopo hapa watasema kama ni uongo. Unakaa kwenye kiti kirefu, mbele yako kuna kioo cheupe chenye taa kali kwa nyuma, chupa zinapita juu ya mkanda zikikimbizana, zinagongana kwa kelele mpaka usiku ukilala bado unazisikia, na kazi yako ni kuona chupa yenye ufa, au yenye mdomo uliomeguka, au yenye uchafu uliogoma kutoka, uitoe kabla haijajazwa, maana ikikupita, kuna mtoto mahali fulani ataiweka mdomoni. Wengine walikaa mbele ya ile taa kidogo tu wakaomba kupumzika, machozi yanawatoka, vichwa vinauma, lakini yeye ilibidi aambiwe na msimamizi, "Mama, shuka, zamu yako imekwisha," na zimepita mbele yake chupa ambazo ukizipanga zinafika mwezini na kurudi, na mdogo wake yuko tayari kubishana na yeyote kuhusu hesabu hiyo. Alipoulizwa anawezaje, alisema haangalii chupa nyingi, anaangalia hii, halafu hii, halafu hii.

Alifunga ndoa takatifu Jumamosi, tarehe 13 Septemba 1986, na fundi mitambo wa kiwanda hichohicho, shemeji yetu huyu mnayemwona hapa mbele, mtu wa maneno machache, na watu walipowauliza walijuana wapi walijibu kwamba walijuana kwenye maombi, wazee wakafurahi, wakasema hao ndio vijana wa kuigwa, kumbe ukweli ni kwamba siku moja katikati ya sala ndefu yule fundi alifumbua jicho moja kumchungulia yule binti, akakuta binti anamtazama kwa yote mawili. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza wa kiume mwaka 1987, wa pili wa kike mwaka 1990, na kitinda mimba wa kike mwaka 1994, na wote wamekua wakijua kwamba katika nyumba ile huwezi kuficha kitu, si homa, si kilio, si barua ya mchumba.

Sasa tunafika mahali ambapo familia ilitaka kuparuka, lakini mwenyewe anayehusika, mzee wetu wa kanisa, ambaye sote tunamwita Mzee Kengele kwa sababu enzi zake akisema "Tuombe" vioo vya madirisha vilitikisika mpaka nyumba ya tatu, yuko hapa kiti cha kwanza, na juzi alimwita mwandishi wa historia hii akamwambia, "Kijana, andika yote, na langu usilipunguze." Basi halijapunguzwa.

Marehemu alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya kwanza, na kwaya inakaa mbele, kila mtu anaiona, kwa hiyo mwaka 1997 ikapelekwa lawama kwamba kuna mama kwenye kwaya anaomba huku anakodolea watu macho, na shemeji yetu alipoisikia akauliza neno moja tu, "Aliyeshitaki naye alimwona kwa macho yapi?", lakini mambo yalikuwa yamekwisha kufika mbali. Akaitwa katika kile chumba kidogo cha nyuma ya madhabahu, chenye kabati la vikombe vya Meza ya Bwana na viti vitatu visivyolingana, Mzee Kengele akamwambia kwa upole kabisa kwamba ibada ina utaratibu wake, binti yangu, na anayemwomba Mungu hufunga mlango wa dunia. Yeye akajibu, "Mzee, nikifumba naona giza, nikifumbua naona watu wake, sasa nimwombee nani?" Mzee akasema wale anaowakumbuka moyoni. Na kwa kuwa alimheshimu, maana ndiye aliyemfundisha Neno tangu utoto, akakubali, akafumba, na kwa mwaka mzima dada yetu aliomba kama sisi.

Pembeni yake kwenye kwaya alisimama rafiki yake wa damu, fundi wa kushona mapazia, tuliyemwita Sauti ya Pili, waliimba bega kwa bega tangu wasichana, waliazimana hata vitambaa vya kichwa, na katika mwaka huo wa macho kufumbwa Sauti ya Pili aliendelea kucheka, kuimba, kutania watu, mpaka asubuhi moja ya mwezi Agosti 1998 akaanguka mbele ya cherehani yake, na hospitalini ikaonekana ana uvimbe tumboni, umeshakuwa mkubwa, umeshaenea, daktari akasema angefika mapema kidogo ingekuwa habari nyingine. Dada yetu alikaa kando ya kitanda akamuuliza, "Mwenzangu, ulikuwa unaumwa na huniambii?" Naye akamjibu, "Ningesema ningetolewa kwenye kwaya nikapumzishwe, na mimi nilitaka kuimba. Ila kila waliposema tuombe, nilikuwa naminya hapa kwa mkono, kwa sababu wakati huo ndipo hapakuwa na mtu wa kuniona."

Rafiki huyo alizikwa mwezi uliofuata, na dada yetu, ambaye hakumlaumu mtu, hakunung'unika, wala hakupandisha sauti hata siku moja juu ya jambo hili, alikwenda nyumbani kwa Mzee Kengele akasimama mlangoni na viatu vya kazini akamwambia, "Mzee, nakuheshimu, lakini sitafumba tena." Mzee naye hakugomba, akasema kama ni hivyo basi hawezi kusimama mbele ya kanisa, na Jumapili iliyofuata yule mwimbaji, ambaye sauti yake ikipanda juu, njiwa wa darini walinyamaza kumsikiliza, akavua joho la kwaya, akalikunja vizuri, akaliacha juu ya kiti chake, akaenda kukaa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, mahali pa wachelewaji na wenye watoto wanaolia.

Ndugu zangu, kama lengo lilikuwa asione watu, basi hakuna adhabu iliyowahi kukosewa kama ile, kwa sababu kutoka benchi la mwisho kanisa lote liko mbele yako kama ule mkanda wa chupa kiwandani, na dada yetu akajifunza kusoma migongo. Alisema sura mtu anaweza kuitengeneza kabla hajatoka nyumbani, lakini mgongo hakumbuki kuutengeneza, na wakati wa sala ndipo kila mmoja anapouachia, akidhani anaonwa na Mungu peke yake. Aliona mama mchanga anayelala amesimama, Jumatatu akaenda kumchukulia mtoto ili alale mpaka saa kumi. Aliona mwalimu wa shule ambaye mkono wake ulitetemeka kila akishika benchi, akamsindikiza kupima, na yule mwalimu anafundisha mpaka leo. Aliona mume na mke ambao kati yao palianza kubaki nafasi ya mtu mmoja, kisha ya mtu mmoja na nusu, akaanza kuwahi kila Jumapili kwenda kukaa pale katikati, mnene vile, akawabana, akiwauliza habari za watoto, hadi wakacheka wenyewe wakaomba kusogeleana. Hakusema hadharani alichokiona kwa mtu, alikwenda tu, na kitu kilekile kinachotakiwa, siyo zaidi, siyo pungufu.

Watu wakaanza kuogopa, kwa uzuri lakini, wakasema huyu mama ana maono, na mdogo wake, lazima tuseme ukweli mbele ya mwili, alisaidia kidogo kuieneza habari hiyo kwenye vituo vyote vya malori, akisema dada yake anaona kupita ukuta wa zege, mpaka wageni wakaanza kuja nyumbani na magari, na mhubiri mmoja mwenye vipaza sauti vikubwa akamwomba apande jukwaani atabiri. Marehemu alimwita mdogo wake akamwambia, "Wewe, hivi breki za lori lako zikiwa kama za mdomo wako, tutakuzika lini?", kisha akatoka nje kwa wale wageni akawaambia maneno ambayo familia imeamua yaandikwe kwenye jiwe la kaburi lake, "Sina maono, nina macho, na ninyi mnayo." Akawapa chai, wakanywa, wakaondoka. Angeweza kuwa mtu mkubwa siku ile, mwenye kiti cha peke yake na watu wa kumpepea, lakini akarudi benchi la mwisho akiwa na mkoba wake wa plastiki.

Mwaka 2007, mwezi wa Mei, palikuwa na harusi Jumamosi moja, wapambaji wakasogeza meza ya kusomea Neno pembeni ili maua yapate nafasi, na hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Jumapili ikafika, Mzee Kengele akasema "Tuombe," vioo vikatikisika kama kawaida, kanisa zima likafumba macho, na katikati ya sala yake mwenyewe, bila sauti yake kuyumba hata kidogo, mzee akapiga hatua kuelekea meza, akanyoosha mikono, akashika hewa. Dada yetu aliona kutoka mlangoni. Aliona ile mikono ikipapasa juu, ikapapasa chini, ikagusa ua, ikafuata ua mpaka kwenye kitambaa, ikafuata kitambaa mpaka kwenye pembe ya meza, na mdomo bado unawaombea wagonjwa na wasafiri, na aliposema Amina, watu walifumbua macho wakamkuta amesimama nyuma ya meza, kitabu kimefunguliwa, anasoma sura nzima kwa sauti ya radi, na hakuna aliyejua kwamba hasomi, anakumbuka.

Ndugu waombolezaji, pimeni jambo hili. Huyu ni mtu aliyemtoa kwenye kwaya, aliyempeleka benchi la mwisho kwa ajili ya macho yake, na sasa siri yake iko mkononi mwa dada yetu, na kama angetaka kulipiza, ilikuwa ni kuinua kidole tu. Jumatatu alipotoka zamu alikwenda kwa mzee, ambaye mkewe alikuwa ameshatangulia na watoto wako mbali, akamkuta peke yake sebuleni, mapazia yamefungwa mchana, mzee akang'ang'ania kumkaribisha chai, akaimimina, nusu ikaingia kikombeni na nusu ikaenda mezani. Dada akachukua kitambaa akafuta. Kisha akamuuliza, "Tangu lini, Mzee?" Mzee akapapasa meza akaliweka birika chini. Halafu akauliza, kwa sauti ambayo isingetikisa hata karatasi, "Nani mwingine anajua?" Dada yetu akamwambia, "Hakuna. Wengine walikuwa wanaomba."

Hapo mzee alilia, na amesema tuandike kwamba alilia. Alieleza kwamba alijua akienda hospitali siri itatoka, akiambiwa haoni atavuliwa kazi ya kusoma Neno, na tangu mkewe aondoke ilikuwa ndiyo kamba pekee iliyomshikilia, hivyo kila wiki alikuwa anamwita kijukuu wa jirani amsomee sura mpaka aishike yote. Dada yetu hakumhubiria. Alimwambia kesho asubuhi avae koti. Wakaenda kwa madaktari wa macho kesho yake, madaktari wakasema jicho la kushoto limeshakwisha, la kulia bado kidogo tu nalo lifuate, na wakamfanyia upasuaji wiki ileile, na jicho hilo, ndugu zangu, ndilo analotutazama nalo sasa hivi.

Jumapili ya kwanza baada ya kutolewa bandeji, Mzee Kengele alisimama mbele, akalieleza kanisa mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, chumba kile cha vikombe, Sauti ya Pili, maua, chai, yote, kisha akashuka katikati ya watu akiwa amebeba lile joho la kwaya mikononi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, akalipeleka benchi la mwisho. Watu wazima walisimama juu ya viti ili waone, na kilio cha siku ile kilisikika mpaka sokoni. Marehemu alilipokea joho kwa mikono miwili, akashukuru, akasema ataimba, lakini ikifika wakati wa sala ataomba arudi hapa nyuma, kwa sababu hapa panahitaji mtu. Na ndivyo ulivyoanza utaratibu ambao wageni hutushangaa, kwamba katika kanisa hili, kila tunapoomba, mmoja wetu kwa zamu hukaa benchi la mwisho macho wazi, akiwatazama wengine kwa ajili ya Bwana, na hakuna aliyekaa pale akarudi nyumbani vilevile alivyokuja, hata madereva wa malori.

Alistaafu kiwandani tarehe 31 Machi 2016. Mwaka 2022 moyo wake ulianza kuchoka, miguu ikavimba, akatibiwa kwa vipindi, na tarehe 28 Oktoba mwaka huu wa 2024 alilazwa katika wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na mlango, alichokichagua mwenyewe, na hata pale, akiwa anahema kwa shida, alimwambia muuguzi, "Mwanangu, kiatu hicho kinakuua, kesho njoo na kingine." Jumatatu jioni, tarehe 11 Novemba, mchungaji alikuja, tukazunguka kitanda, akasema tuombe, na mdogo wake, ambaye zamu yake ya benchi huwa anaikimbia, safari hii hakufumba. Akaona. Aliona dada yake akituzungukia kwa macho mmoja mmoja, taratibu, mwanawe wa kwanza, wa pili, kitinda mimba, kama mama alivyosimulia habari ya chumba kile cha nyuma, haangalii watu wengi, anaangalia huyu, halafu huyu, na alipofika kwa mdogo wake wakatazamana, akamwonyesha kwa jicho tu mikono ya shemeji, iliyokuwa inatetemeka chini ya shuka asionwe na mtu. Basi. Mdogo wake ametembea nchi nyingi kwa lori lake, ameona milima, ameona moto na mafuriko, na anasema hajawahi kuona kitu kikubwa kama macho yale. Marehemu aliaga dunia alfajiri ya Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, akiwa na umri wa miaka 63, macho yake yakiwa yamebaki wazi, ikabidi mumewe ayafumbe kwa mkono wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, hasa yule aliyekuja na viatu vipya, inawashukuru majirani mliolala chini nasi, mliopika na kuosha vyombo bila kuitwa, inaushukuru uongozi na wafanyakazi wa kiwanda, tumesikia mkanda wa chupa ulisimamishwa kidogo kwa ajili yake, jambo ambalo hata mvua ya mawe haijawahi kulifanya, inamshukuru mchungaji, kwaya, na Mzee Kengele. Na kabla jeneza halijafungwa, mchungaji ataomba, nasi tunawasihi, kwa sala hii moja tu, msifumbe, kila mmoja amtazame aliye kando yake vizuri, mkono wake, mgongo wake, kiatu chake.

Dada yetu, umekesha vya kutosha. Sasa fumba, ulale kwa amani ya Bwana wako. Zamu hii ni yetu.